Halali ya Abti Bishar

Mzee Abdille alianza kuvimba midomo. Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa chumba cha mashine, trei ya dawa mkononi, nikaiona midomo ile ikijaa kama ini la mbuzi lililolowekwa majini. Kisha macho yakazibwa na uvimbe, kisha akatapika. Alitapika chai ya maziwa na vipande vya mkate wa anjera juu ya kifua chake mwenyewe, kwa kuwa mkono mmoja ulikuwa umefungwa kwenye mirija na mwingine ulikuwa ukitapatapa kutafuta hewa. Diriye, nesi wetu mkuu, akasimamisha mashine na kumlaza miguu juu. Presha ilikuwa imeshuka hata kipimo kikashindwa kuisoma.

Dakika sita zilikuwa zimepita tangu adungwe heparini. Najua ni sita kwa sababu mimi ndiye ninayetoa dawa katika kituo hiki cha kusafisha damu, na kila kichupa kinachotoka kwenye friji yangu nakiandikia saa na namba ya katoni.

Alikuwa mgonjwa wa nne katika siku kumi na mbili. Wa kwanza Diriye alisema ni joto la Garissa. Wa pili eti amekula nyama iliyolala. Wa tatu tukashuku maji ya mashine, tukabadilisha vichujio vya maji vyote na kusugua matangi mpaka vidole vikachubuka. Sasa nilifungua daftari langu na kulisoma kutoka chini kwenda juu. Wanne hao hawakuwa na umri mmoja, wala ukoo mmoja, wala kiti kimoja. Walikuwa na katoni moja. Ilikuwa katoni mpya ya abti Bishar, mjomba wangu.

Mzee Abdille akafa kesho yake, Alhamisi, kabla ya adhuhuri. Wakamrudisha Sangailu waliko ng'ombe wake, wakamzika huko. Abti Bishar alikuwa miongoni mwa waliolibeba jeneza, na nasikia alilia.

Heparini huzuia damu isigande. Mgonjwa wa figo damu yake hutolewa mkononi, hupitishwa kwenye mirija na kichujio, kisha hurudishwa mwilini ikiwa imesafishwa. Lakini damu ikishatoka nje ya mshipa haina subira, huanza kuganda papo hapo, na kichujio kikiziba kazi yote imeharibika. Ndiyo maana kila mgonjwa hudungwa heparini kabla ya mashine kuanza. Na heparini inayotumika duniani, karibu yote, hutengenezwa kwa utando wa ndani ya utumbo wa nguruwe.

Hilo wagonjwa wetu hawakulijua mpaka Shaabani ya mwaka jana, binti wa mgonjwa mmoja alipoisoma ile karatasi iliyokunjwa ndani ya boksi. Aliisoma kwa sauti, chumba kizima kikisikia. Mwanamke wa kiti cha tano alichomoa sindano kwa mkono wake mwenyewe, damu ikaruka hadi dirishani. Wiki ile viti sita kati ya kumi vilikaa vitupu.

Kamati ya kituo ikamwita sheikh. Alikuja mwenyewe, akakaa kwenye kiti cha plastiki katikati ya chumba, akasema dharura huhalalisha kilichoharamishwa, na mtu anayekufa huku dawa ipo hana ruhusa ya kujiua kwa kinyaa. Alilisema mara mbili ili pasiwe na wa kusingizia hakusikia. Watu wakamwitikia amina, wakamsindikiza hadi kwenye gari, na hawakurudi kwenye viti.

Mama yangu, Sadiyo, alikuwa mmoja wao. Ameuza maziwa ya ngamia Soko Mugdi miaka ishirini na mitatu, na hakuna mteja aliyewahi kumrudishia kibuyu. Nilipomkumbusha maneno ya sheikh alinijibu, "Sheikh ana figo zake mbili, hooyo. Ni rahisi kwake kuwa mkarimu." Akakosa kuja kituoni mara tatu mfululizo. Miguu ikajaa maji, ukiibonyeza kwa kidole unaacha shimo lisilofutika. Pumzi ikawa inatoa sauti ya mtungi unaojazwa. Nilishaanza kupiga hesabu za siku zake, nikiwa nimekaa naye jamvini na kumtazama usoni kama mwizi.

Ndipo abti Bishar alipotokea na katoni zake.

Bishar ni kitinda mimba wa upande wa mama, na ana ghala la dawa za jumla hapa mjini. Kwetu mjomba na mpwa huitana jina lilelile moja, abti, kama mama na mwanawe wanavyoitana hooyo. Alinikabidhi katoni ya kwanza akisema, "Abti, mlilie Mungu, halafu mshukuru mjomba wako." Kila kichupa kilikuwa na lebo ya kijani: imetokana na utumbo wa ng'ombe, halali. Viti vikajaa siku hiyohiyo. Mama alirudi akiegemea bega langu, na baada ya wiki mbili alikuwa akitembea peke yake na kunikosoa jinsi ninavyofunga mtandio.

Mimi ndiye niliyezipokea. Nina diploma ya famasia, na ninajua kupima. Nilitoa damu mkononi mwangu, nikaigawa katika mirija miwili ya kioo, mmoja nikautia tone la dawa ya Bishar. Ule usio na kitu uliganda kwa dakika nane. Ule wa pili ulibaki maji mpaka adhana ya alasiri. Nikatia sahihi. Kila katoni mpya iliyoingia niliifanyia hivyohivyo, hata hiyo iliyomuua Mzee Abdille. Iling'ara kwenye kioo changu kama asali.

Baada ya mazishi nikaifungia ile katoni kabatini na kutia ufunguo mfukoni. Zikabaki kwenye friji heparini za kawaida, za nguruwe, ambazo hakuna aliyetaka kuziona. Mama alikuwa na zamu yake Jumamosi. Diriye akasema tunaweza kumfanyia yeye na wengine bila heparini, kwa kusukuma maji ya chumvi ndani ya mirija kila robo saa ili damu isipate nafasi ya kutulia. Akanionya kwamba si njia ya kuitegemea. Siku yoyote kichujio kinaweza kuziba. Mama na wenzake nikawaambia ile dawa imeisha na nyingine iko njiani.

Ijumaa asubuhi nilivifunga vichupa vitatu vya Bishar na kimoja cha kawaida ndani ya barafu, nikawapa wanawake wanaopeleka maziwa Eastleigh, Nairobi. Walivipokea bila kuuliza. Kitu cha binti wa Sadiyo hakiulizwi. Upande wa pili alikuwa akivingoja Deeqa, tuliyesoma naye diploma meza moja. Yeye aliendelea na shahada, na sasa anaendesha mashine ya sumaku katika maabara ya chuo kikuu huko Nairobi.

Alinipigia Jumatatu. Aliniuliza kwanza kama nimekaa.

Dawa, alinieleza, huyeyushwa na kutiwa ndani ya mrija mwembamba kama unyasi. Mrija hushushwa katikati ya sumaku iliyofungiwa ndani ya tangi refu kuliko mtu. Sumaku hiyo huzipanga chembe za haidrojeni zilizomo ndani ya dawa, kisha mashine huzigutua kwa mawimbi ya redio, na kila kundi la chembe hujibu kwa namna yake kulingana na jirani zake. Majibu hayo huchorwa kama mstari wenye vilele. Heparini ina kilele chake kinachojulikana, kwenye alama ya 2.04, na hakihami, uwe Nairobi au China.

"Hicho kipo," Deeqa alisema. "Lakini kuna kingine kwenye 2.16. Hapo hapatakiwi kitu, Hamda. Hapo panatakiwa pawe tambarare kama njia ya Modogashe."

"Ni kirefu?"

"Theluthi ya chenzake. Hiki si kitu kilichoingia kwa bahati mbaya. Hiki kimetiwa."

Kulikuwa na jina refu la kitu hicho. Kwa maneno ya kawaida ni gegedu la wanyama, lile la puani na kwenye viungo, lililopikwa na kutiwa salfa mpaka likafanana na heparini. Linazuia damu isigande kiasi cha kuudanganya mrija wangu wa kioo. Likiingia mwilini linaangusha presha, linavimbisha midomo, linaua. Wachakachuaji hulipenda kwa sababu kipimo cha zamani hakilioni. Sumaku inaliona.

Nikamuuliza kuhusu ile sehemu iliyobaki, kama angalau hiyo ilikuwa ya ng'ombe.

"Nimelinganisha na kichupa chako cha kawaida," Deeqa alijibu. "Vile vilele vidogo vidogo vinafuatana kimoja kimoja. Ya ng'ombe nina mfano wake hapa, na haifanani. Ni nguruwe, walaal, ndugu yangu. Nguruwe, na gegedu la sijui nani."

Niliosha mikono. Niliosha tena mpaka kwenye viwiko, nikasikia bado inanata. Miezi mitano wagonjwa wetu walikuwa wamedungwa kitu kilekile walichokikimbia, na sasa kimechanganywa na mabaki ambayo mbwa wa machinjioni angeyapita. Na sahihi iliyokuwa chini ya kila katoni ilikuwa ya Hamda. Nikatuma mchoro wa Deeqa na namba ya katoni kwa mamlaka ya dawa, nikashika njia ya ghala la Bishar.

Nilimkuta anakula nyama ya nyirinyiri bakulini, mafuta yakimchuruzika hadi kwenye kifundo cha mkono. Pembeni ya bakuli palikuwa na msokoto wa lebo za kijani, mnene kama mkate. Hakuuficha. Alinisikiliza hadi mwisho, akajipangusa vidole kwenye kifuniko cha boksi la dawa, akaniuliza kama nimekula.

Nilimuuliza kama alishawahi kuiona heparini ya ng'ombe kwa macho yake. Akasema alisikia ipo. Nikamuuliza lebo zilitoka wapi. Akasema zilichapwa Eastleigh, kazi nzuri, hazibanduki hata kwenye barafu.

"Watu walitaka karatasi, abti," alisema. "Nikawapa karatasi. Wakapona. Mama yako akapona."

Kuhusu gegedu aliapa kwamba hakujua, na nadhani alisema kweli. Alikuwa amenunua pale ambapo haulizwi swali na yeye hakuuliza. Nilipomtajia Mzee Abdille alisema siku yake ilikuwa imefika, akatia mkono bakulini tena. Niliuona ulimi wake ukizunguka mdomoni kutafuta uzi wa nyama kwenye gego. Huyu ndiye anayesimama safu ya kwanza msikitini. Mkono huo ndio ulioushika mguu wa jeneza.

Kisha akasukuma boksi jipya mbele yangu. Heparini nzuri, alisema, ileile ya kawaida, imetoka kwa muuzaji anayejulikana, haina gegedu. Kila kichupa kilikuwa kimeshabandikwa kijani.

"Hizi hata sumaku yako itazipenda," alisema. "Ukimwambia Sadiyo ukweli, atakataa. Akikataa, utamzika. Mimi nampenda dada yangu. Wewe unapenda kuwa na haki."

Sikulitupa boksi usoni mwake. Nililichukua. Nilitembea nalo kwapani hadi kituoni, nikaliweka kwenye friji, na jioni nikala chakula nilichopikiwa na mama bila kumtazama.

Jumanne alikuja saa mbili asubuhi, akakaa kwenye kiti cha pili karibu na dirisha. Diriye akaanza na maji ya chumvi. Saa ya kwanza ilikwenda vizuri. Ya pili haikufika nusu. Niliona michirizi myeusi ndani ya kichujio, ikawa mingi, kengele ya mashine ikalia, na Diriye alipojaribu kusukuma maji mirija ikamgomea. Ilikuwa imeziba. Damu iliyomo humo haikuweza tena kurudishwa. Akaikata mirija yote, nzito na yenye mabonge kama maini, akaitumbukiza kwenye pipa jekundu.

Mama aliifuata kwa macho. "Hiyo ni yangu?"

Diriye akamwambia ni yake.

"Sina damu ya kutupa," alisema mama. Midomo yake ilikuwa imepauka. "Leta ile ya abti yako, Hamda. Nimesikia imeshafika. Kwa nini mnaninyima dawa?"

Diriye alikuwa anajua kila kitu, maana nilikuwa nimemweleza. Alikuwa akifunga kichujio kipya, na bila kugeuka aliniambia kwa sauti ya chini kwamba ile iliyomo kwenye boksi ni dawa safi, nichome tu, tutazungumza mengine mgonjwa akiwa hai. Nikaenda kwenye friji. Nikatoa kichupa chenye kijani, nikavuta dawa ndani ya sindano, nikarudi. Mama akanyoosha mkono wake, ule wenye mshipa uliotuna kama kamba, akafumba macho na kusema, "Mungu amlipe Bishar. Amlipe kheri katika watoto wake."

Niliiweka sindano kwenye trei.

"Hooyo," nilisema, "unamkumbuka Faduma wa maziwa?"

Alimkumbuka sana. Faduma alikuwa akitia maji kwenye maziwa, na kile kipimo cha wanunuzi kilipoanza kumfichua kwa kuzama, akajifunza kutia unga na sukari ili kipimo kielee tena. Mama aliwahi kumwaga mtungi wake mzima mchangani mbele ya soko. Hata sasa, akiwa hana nguvu, alikunja pua.

"Yule mchafu. Kafanya nini?"

"Bishar ametufanyia hivyo kwenye dawa. Kipimo changu kilielea, nikaamini. Mzee Abdille amekufa kwa huo unga."

Alifumbua macho. Nilijua analirudia jambo hilo mwanzo hadi mwisho kichwani kama mtu anayehesabu mitungi. Kisha akauliza swali ambalo mwenye biashara ya maziwa lazima aliulize.

"Na chini ya unga? Yalikuwa maziwa ya mnyama gani?"

"Nguruwe. Tangu mwanzo. Na hii iliyo kwenye sindano ni safi, haina unga, lakini ni nguruwe."

Nilimshikia beseni. Alitapika mpaka hakubaki na cha kutapika, kisha akaendelea kukohoa mate machungu na kuyapangusa kwa ncha ya shuka. Alipotulia aliomba simu. Akampigia mdogo wake, akasema neno moja, njoo, akakata.

Bishar alifika upesi akiwa amejipaka manukato, tabasamu limetangulia. Lilipoiona trei likaisha. Mama akamwonyesha kiti cha plastiki, akaketi. Kwenye viti vingine tisa watu waligeuza vichwa, mashine zikinguruma.

"Mwaka wa ukame nilikubeba mgongoni kutoka Bute hadi Wajir," mama alimwambia. "Ulikuwa unaharisha. Ulininyea mgongo mzima, siku nne, na maji ya kuoga hayakuwepo. Sikutapika. Leo nimetapika."

Bishar akaanza kusema kwamba nia yake ilikuwa njema. Mama hakumkatiza, alimtazama tu midomo mpaka alipomaliza.

"Sheikh alituruhusu," alisema mama, na sasa alikuwa akizungumza na chumba kizima. "Alikaa hapohapo, akalisema mara mbili. Sisi ndio tuliotaka kuwa safi kuliko sheria. Tukatafuta wa kutusifu kwamba tu safi, na mtu wa kazi hiyo hakosekani." Akamgeukia Diriye na kumuuliza kama ile dawa ya nguruwe, isiyo na kijani, inafanya kazi.

"Inazuia damu isigande, mama. Basi. Haidai zaidi ya hapo."

"Hilo boksi liletwe. Bishar atoe uchafu wake."

Nikalileta. Bishar alitazama huku na huku, akatazama mlango, halafu akaanza kuzibandua lebo kwa kucha. Kweli hazikubanduka kirahisi. Alikwangua kichupa kimoja baada ya kingine, gundi ya kijani ikimjaa kuchani, jasho likitiririka juu ya manukato. Mwanamke mmoja upande wa pili akacheka, kicheko kikavu kisicho na furaha.

Mama akanyoosha mkono kwa mara ya pili.

"Choma," aliniambia. "Lakini usilitaje jina la Mungu juu yake. Nami sitalitaja."

Nikachoma. Ngozi ya mkono wake ilisisimka toka kwenye sindano hadi begani, akageuza uso dirishani na kuuma ukingo wa mtandio. Nilisimama nikiitazama midomo yake na saa ya ukutani kwa zamu. Midomo haikuvimba. Damu ilipita ndani ya kichujio kipya nyekundu, nyepesi, bila michirizi, ikarudi kwake. Diriye akaandika presha: mia moja na kumi kwa sabini. Nilipotaka kumfuta jasho aliusukuma mkono wangu, akaniambia nimwache kwanza, ananuka, na mimi pia nanuka.

Baada ya nusu saa hivi aliongea tena, bila kugeuka kutoka dirishani. Bishar alikuwa amemaliza kukwangua na alikuwa ananyanyuka aende zake.

"Hujamaliza," alisema. "Nenda kiti cha tatu, kwa Ramlo. Mwambie wewe mwenyewe umempa nini miezi mitano hii. Ukitoka kwake, nenda cha nne."

Bishar akabaki amesimama na zile kucha za kijani. Kisha akapiga hatua mbili kuelekea kiti cha tatu, akasafisha koo.

Ramlo alikuwa ameshaanza kuufunika mkono wake kwa shuka.